Robo ya Laurentino

Sikumpenda Etelvina. Alikuwa na ulimi mkali, na kijiji kizima hapa Asturias, kaskazini mwa Uhispania, tulijua kumpitia mbali. Lakini ghala lake nililipenda.

Maghala yetu ya mahindi husimama juu ya miguu minne ya mawe ili panya wabaki chini, na baba akifa, watoto hugawana ghala kama wanavyogawana ng'ombe. Etelvina na ndugu zake walipata robo kila mmoja. Wawili walikufa wakamwachia zao. Wa nne, Laurentino, alipanda meli kwenda Buenos Aires bado kijana, akaandika mara mbili tatu, kisha kimya.

Robo yake haikuguswa. Etelvina alirundika mahindi, maharagwe na viazi katika zile tatu mpaka mbao zikalia, na ile ya nne akaifagia kila Jumamosi na kuifunga. Watu walicheka. Mimi nilikereka, maana kazi yangu ni kufufua maghala yaliyochoka, na nafasi inayokaa bure naionea uchungu.

Vuli iliyopita akaniita. Ghala lilikuwa limeinama, lataka kulalia banda la kuku.

"Miguu imeoza?" akauliza.

"Mawe yanaoza, mama?"

"Usinichezee, Xuacu. Sema."

Nilizunguka, nikachutama. Mguu uliozama ulikuwa ule wa upande wenye mzigo, mkabala na robo tupu.

"Umelilemea upande mmoja miaka yote hii," nikamwambia. "Anayeliangusha ni wewe."

Akaniambia nianze kazi.

Tuliteremsha vigae, tukalibomoa ubao kwa ubao, kila mmoja na alama yake. Palipokuwa pameoza nilitia mbao kuukuu za ghala lililoanguka bondeni, ngumu bado. Tukauinua ule mguu, tukalijenga upya, likasimama wima. Kisha nikamweleza bila kumung'unya maneno: mzigo usipoenea pande zote, litainama tena, na mimi sirudi.

"Kwa hiyo nijaze kwa Laurentino."

"Ndiyo."

"Na akija?"

Laurentino, kama yu hai, anakaribia miaka tisini. Nilikuwa na kejeli tayari mdomoni. Nikamtazama usoni, nikaimeza. Alikuwa anauliza kweli.

"Akija tutampisha," nikasema.

Gunia la kwanza nililibeba mwenyewe. Yeye alisimama kwenye mlango wa robo ile, ameshika mwimo, hapishi.

"Wakati wa joto alikuwa akilala humu," akasema. "Anapiga mluzi mpaka baba anamrushia kiatu."

Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. Nami gunia limenielemea begani.

"Tunaweza kuacha mpaka kesho, mama."

"Haji, Xuacu." Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akilisema hilo. Akasogea pembeni. "Ingiza. Kisha ulete jingine."