Moyo Uliochechemea Kakuma

Tangu nilipopigiwa simu kwamba mchinjaji wa mbuzi niliyemfahamu Kakuma amefariki, swali moja limeninyima usingizi: zile siku nne nilizokaa na majibu yake bila kumwambia, je, zingemwokoa?

Wasomaji mnaojua jinsi ninavyowaza jambo hadi lichakae mtanivumilia. Mwaka jana, 2012, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, watafiti waliniajiri niwafasirie. Mzee huyo alikuwa akichinja na kuwatupia mbwa wake maini na mapafu yenye vifuko vya maji, kama walivyofanya wenzake wote pale. "Ejok, daktari wa makaratasi," aliniambia. "Huu moyo wangu unachechemea." Wakampiga picha ya moyo kwa mashine yao. Nikafasiri: wiki ijayo tutarudi na majibu. "Wiki ya nani?" akauliza, tukacheka.

Hawakurudi. Mwezi uliopita, kwenye mkutano Lodwar, niliiona picha ya moyo wake ikimulikwa ukutani. Kiongozi wa wale watafiti alieleza vizuri sana: mbwa akila vile vifuko hupata mnyoo, mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi chake, na yakimwingia mtu, mara chache kifuko huota ndani ya msuli wa moyo. Chembe za msuli hupokezana ishara ili zijikunje pamoja. Zikibanwa, ishara huchelewa au hupotea njia, na moyo hukosa mpigo. Watu wakapiga makofi. Nikamfuata: "Mwenyewe ameambiwa?"

"Nilidhani ulimwambia wewe," akajibu, akichomoa waya wa kompyuta.

Nikaanza kuwaza. Mimi si daktari; nikikosea je? Nikimtia hofu bure je? Siku ya tano simu ikalia. Watafiti walinisaliti, maana waliazima mdomo wangu kuahidi jambo wasilokusudia. Lakini mzee hakuwajua wao. Alinijua mimi. Sisi tuliosoma tuna haraka ya kuchukua habari za miili ya watu, na uvivu wa kuzirudisha.

Jumamosi nilikwenda kwa mjane wake na nakala ya ile picha, nikamweleza yote.

"Ulijua lini?"

"Siku nne kabla, mama."

Akawaita wanawe watatu. "Hawa wamekua na mbwa hao hao. Utawapeleka, au utasema wiki ijayo?"

Jumatatu tulikuwa watano kwenye foleni ya vipimo Lodwar. Sikuondoka hadi majibu ya kila mtoto yalipotiwa mkononi mwa mama yake.