Nzi Aliyeonekana kwenye Kamera ya Shemeji

Dada wa mke wangu tunamwita Subiri, na jina hilo kajipa kwa mdomo wake. Ukikaa kwenye stuli yake upigwe picha, ukishajipanga na kutoa macho, yeye anasema, "Subiri," anakuja kukunyoosha kola. Anarudi nyuma. "Subiri," anakuja kukufuta jasho la pua. Unatoka pale shingo imekauka, lakini picha ikitoka hata mwenyewe unajiuliza huyu mtu mzuri ni nani.

Chumba chake kimebanwa kati ya saluni na fundi viatu. Kutoka stuli hadi mlangoni ni hatua nne, tena hatua zake, siyo zangu mimi niliyejaliwa miguu. Miaka kumi na mmoja alipigia picha humo kwa kamera ndogo ya mfukoni, zile unazotazama kioo cha nyuma. Siku moja ikatoa lenzi ikagoma kuirudisha ndani, imebaki imetoa ulimi. Mimi ni fundi pikipiki, hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kunishinda, nikaifungua. Ikafa kabisa. Vikabaki vipande viwili mkononi ambavyo mpaka leo sijui vilitoka wapi. Ndiyo sababu nilimsindikiza kununua nyingine.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue. Mama yao alikuwa mshonaji. Jicho la kulia lilianza kuona ukungu, akanyamaza, akaendelea kushona. Alipokuja kusema, la kushoto nalo lilikuwa njiani. Siku hizi anakaa barazani, anatambua watu kwa mwendo. Subiri kamfuata mama yake kila kitu, pua, kucheka, mpaka ubishi, na tangu afikishe miaka arobaini alikuwa anaogopa kwamba na macho atamfuata. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua siku hiyohiyo ya kamera, na nilijua nikiwa nimeshaharibu.

Duka liko ghorofa ya pili, wanauza kamera zilizotumika. Mwenye duka tulimpa jina la Miwani, maana anayo, minene kama kitako cha chupa. Kabla hajakupa kamera anavua miwani, anachungulia kwenye tundu la kutazamia, anaichezea kwa kidole gumba mpaka aridhike, ndipo anakukabidhi kama mtoto mchanga.

"Ni mara yake ya kwanza kushika kubwa," nikamwambia.

"Basi tuanze na za wanaoanza. Nyepesi, vitufe vichache, lenzi unabadilisha utakavyo."

Akatoa moja, nikaidaka mimi kwanza. Nikachungulia. Ukungu mtupu, kama kioo cha bafuni. Sasa mimi, niliyeacha shule darasa la sita na shule ikabaki na hasara, niseme sioni? Mbele ya shemeji?

"Safi sana," nikasema. "Naona mpaka nzi kwenye dari."

Nzi hakuwepo. Hata dari yenyewe sikuiona.

Subiri akachungulia. Akabofya. Picha ikatokea kwenye kioo cha nyuma, kali, Miwani na mikunjo yake yote. Akaitazama, akachungulia tena, akaiweka mezani.

"Hii nzito."

Miwani akaleta ya pili.

"Hii haikai mkononi."

Ya tatu.

"Rangi siipendi."

"Shemeji, zote nyeusi."

"Weusi wa hii siupendi."

Nikajaribu kumchangamsha. Nikanyanyua lenzi ndefu kama bomba la moshi. "Beba hii. Wateja wakiiona tu watasimama wima."

"Chumba changu hatua nne," akasema. "Na hilo bomba nitapata pua ya mtu basi. Nikitaka uso mzima nikasimame saluni."

Alisema kitu cha kuchekesha na hakucheka. Hapo ndipo niliposhtuka. Akatoka nje, nikamfuata, nikamkuta amekaa kwenye ngazi anafuta jicho la kulia kwa ncha ya mtandio.

"Shemeji, turudi nyumbani," akasema.

"Hata hatujachagua."

"Nichague nini? Kamera ni nzima, picha zinatoka kali, wewe unaona mpaka nzi. Mimi naona ukungu. Jicho la kulia. Kama mama."

Nikakaa ngazi ya chini yake.

"Shemeji," nikasema, "nzi hakuwepo."

"Nini?"

"Nilidanganya. Hata mimi niliona ukungu."

Akanitazama. "Zote tatu?"

"Ya kwanza. Nyingine nilizisifia bila kuchungulia."

"Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mtu wa kwenu. Mlinipa mke wenyewe."

Alikuwa ameshapanda ngazi.

Miwani alipoambiwa alijipiga paji la uso. Pembeni ya tundu kuna kigurudumu kidogo, unakizungusha kifuate jicho la anayechungulia. Picha hakiigusi. Yeye kila kamera anakiweka kwa macho yake, aone bila miwani, halafu anasahau kukirudisha. Duka zima linaona kama yeye.

"Zungusha taratibu, mama. Tazama zile alama humo ndani mpaka ziwe kali."

Nikamsogelea nimsaidie.

"Subiri," akaniambia.

Akazungusha. Kwanza mabega yakashuka. Halafu akageukia dirishani, kamera jichoni, akaanza kusoma kibao cha ng'ambo ya barabara: "Tunashona. Tunapunguza. Tunabadili zipu." Akashuka mpaka herufi ndogo za chini, namba ya simu yote, tarakimu moja moja, kama anayeonja.

Baada ya hapo kuchagua kulikuwa kazi ya dakika kumi. Alichukua ileile ya kwanza, uzito umeisha ghafla, pamoja na lenzi yake ndogo inayopanuka kuingiza familia nzima, na nyingine fupi ya kupiga sura, isiyovuta, unasogea kwa miguu yako mwenyewe. Bomba la moshi tuliliacha.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kupima macho kwa pikipiki yangu. Daktari akasema mazima, ila miwani ya kusomea inamnyemelea. Alirudi akamweleza mama yake barazani, na bibi wa watu alicheka mpaka akaomba maji, kisha akamshika bintiye uso kwa mikono miwili na kukaa hivyo muda mrefu.

Picha ya kwanza alinipiga mimi. "Subiri. Funga mdomo. Ufunge kabisa." Imetundikwa juu ya stuli. Wateja wakiuliza huyo nani, anawaambia ndiye yule aliyeona nzi. Nami sibishi, maana nimetoka vizuri.