Mkuu wa Kumi Asiye na Rika

Hosea Mboje ni mkuu wa kumi kwa mwaka wa tisa sasa. Usicheke. Katika jeshi la Kirumi la kigango chetu, hapa nje kidogo ya Bomani, hicho ni cheo. Kila Ijumaa Kuu tunaigiza mateso ya Bwana kutoka sokoni mpaka kilimani, na askari wana ngazi zao. Chini wapo askari wa kawaida, juu yupo akida, katikati ndiye mkuu wa kumi. Kazi yake ni kupanga mistari, kuita hatua, kuzuia akina mama wasimkanyage Yesu wanapolia, na kufunga mdomo. Anayesema ni akida, tena mara moja tu, msalabani: "Jamani, huyu tuliyemuua hakuwa na kosa!" Hapo ndipo watu hulia kweli.

Mboje ni Msukuma. Alikuja kuchimba dhahabu, shimo likamtitia likamwachia goti bovu, akahamia mjini kuchomelea mageti. Nusu ya wanaomdharau wanalala nyuma ya mageti yake. Kofia za jeshi zote alizikata yeye kwa madebe ya mafuta ya kula, bure. Mkewe Teddy anauza dagaa, binti yao Scola yuko darasa la sita. Mtu wa kimya, ila ukipita karakana yake wakati wa Kwaresima utamsikia anajisemesha: "Jamani, huyu tuliyemuua..." Mara kwa ukali, mara kwa kilio. Alikuwa anangoja zamu yake.

Maana utaratibu ulikuwepo. Akida akiondoka, mkuu wa kumi anapanda. Watatu walipanda hivyo nikiwaona. Kwa hiyo mzee Nchagwa, akida wetu, alipohamia kwa mwanawe kule Nyansurura mwezi wa kwanza, Mboje alikuja kwangu kupimwa joho jekundu. Nikapima, nikashona. Akajitazama kwenye kioo.

"Mama Judith, si refu?"

"Akida haonyeshi magoti, hasa goti kama lako."

Tukacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Jumatano ya mazoezi alisimama mahali pa akida, akaita mstari. Hakusogea mtu. Waitara, askari wa kawaida ambaye hata kushika mkuki hajui, akauchomeka ardhini.

"Mura, nikuulize. Rika lako ni lipi?"

Mura ni kijana. Anamwita hivyo mtu mwenye binti wa darasa la sita.

"Hili ni igizo, Waitara."

"Najua. Nauliza ulitoka jando na akina nani? Saro gani?"

Hapa kwetu, kwa Wakurya, mwanamume hutahiriwa na wenzake wa msimu mmoja, na hao ndio saro yake, rika lake, mpaka kaburini. Rika ndilo linalosema nani aketi wapi na nani amwamrishe nani. Mboje alitahiriwa hospitali, peke yake, akiwa mtu mzima. Hilo kwetu si kutahiriwa, ni kutibiwa. Alipokuwa chini ya Nchagwa walimvumilia, maana amri ilihesabiwa ya mzee, yeye kipaza sauti tu.

"Baba yangu atakuwa pale barabarani," Waitara akaendelea. "Aone naamrishwa na mtu asiye na rika? Heri nikalime."

"Hata Pilato hakuwa Mkurya," akasema Mboje.

"Pilato alinawa mikono akaenda zake. Na wewe nawa!"

Jeshi zima likaangua kicheko.

Katekista Vincent, anayewaogopa wanaume wenye fimbo kuliko anavyoogopa dhambi, akaleta suluhu yake. Akida awe Simon, kijana wa mzee Nyangwine, mwenye rika lake safi. Tatizo Simon ana sauti ya kifaranga na maneno hayamkai kichwani. Basi Simon asimame mbele apanue mdomo, Mboje asimame nyuma yake atoe sauti.

"Wewe ndiye unayeyajua maneno," Vincent akamwambia, kana kwamba anampa zawadi.

Mimi ningekataa, na matusi juu. Mboje akasema, "Sawa, katekista."

Kesho yake Simon akaletwa kwangu. Joho la Mboje lilikuwa linaburuzika chini. Nikalikata. Nasema ningekataa, lakini nilikata. Nina wateja, na wateja wangu wana rika.

Ijumaa, saa tisa, jua kali. Yesu akainamisha kichwa, Simon akapanua mdomo, na nyuma ya mgongo wake ikatoka sauti ambayo sijaisikia kigangoni tangu nibatizwe. Haikuwa ya ukali wala ya kilio. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Watu walipiga magoti kwenye kokoto. Waitara mwenyewe alifuta macho.

Kisha wakamzunguka Simon. Mama yake akapiga vigelegele, siku ya Ijumaa Kuu, bila haya. Mzee mmoja wa kutoka Sirari akampita Mboje akamwambia, "Yule kijana ana sauti, eeh!"

"Anayo, mzee. Shikamoo."

Tuliteremka pamoja, mimi, Mboje na Teddy. Teddy hakuweza kungoja wafike nyumbani.

"Baba Scola, si ungenyamaza tu? Abaki amepanua mdomo kama kambale, wamjue!"

"Ningeharibu Ijumaa Kuu."

"Iharibike! Ni yao."

"Mgeni akiharibu, haharibu peke yake. Dagaa wako kesho atawanunua nani? Scola atacheza na nani?"

Teddy akasimama katikati ya njia. "Miaka yote hii, na bado unajiita mgeni."

"Sijiiti mimi," akasema, akatushika mikono atusogeze kando, maana wenye njia walikuwa wanakuja nyuma yetu wakiimba.