Kipande cha Keki Nilichompokonya Mama Mkwe

Jamani, nipigeni mawe, nastahili! Mimi ni baba mzima, fundi wa rangi za magari pale mtaa wa Sakina, na nimempokonya mama mkwe wangu keki mdomoni mbele ya wageni. Lakini hilo siyo kosa lenyewe. Kosa nililifanya asubuhi ya siku hiyo, nikanyamaza.

Binti yangu, hapa nitamwita Neema, alikuwa anatimiza miaka sita. Akataka keki ya gari la watalii, lile la kufunguka paa, na twiga ndani.

"Twiga hatoshi kwenye gari," nikamwambia.

"Shingo itatokea juu, baba. Si ndiyo maana paa linafunguka?"

Mtoto ana akili huyo! Mke wangu akaoka keki yake vizuri, sufuria jikoni na mkaa juu ya mfuniko, kisha akasema mapambo tumpe dada mmoja wa Sekei ambaye ndiyo kazi yake. Nikaona nimedharauliwa. Magari ya watalii napaka rangi mimi kila siku, nishindwe na la unga na mayai? Na Neema alishatangazia darasa zima kwamba baba yake anaweza kila kitu.

Krimu niliilaza kwa kibati kipya cha kupakia puti, ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi, ikawa laini kama boneti. Laiti ningeishia hapo! Nikachukua bastola yangu ya kupulizia rangi, nikaisafisha kwa thina ile ya kuyeyushia rangi za magari, nikaiosha mara tatu kwa maji moto na sabuni, nikajaza rangi ya chakula ya kijani, nikawasha kompresa. Ndugu zangu, gari likatoka! Twiga anachungulia paani kwa madaha. Nikapiga picha kumi.

Kisha nikainama kuinusa. Mama yangu! Thina tupu.

Mke wangu akaingia na Neema. "Baba Neema, mbona keki inanuka gereji?"

"Ni vanila ya kisasa hiyo," nikasema, bila hata kupepesa macho.

Nikaiweka dirishani nikijidanganya kwamba upepo utaibeba ile harufu. Saa nane wageni wakafika. Mama mkwe akashuka kutoka kwao Meru, mlimani, na dumu lake la maziwa. Nikamwamkia shikamoo huku nimesimama kati yake na keki. Mama ni mtu wa kanisa, sala yake haina haraka. Akamwombea mtoto, akaiombea nyumba, akafika kwenye "mikono iliyoipamba keki hii, Bwana uibariki." Mikono yenyewe nikaificha mfukoni.

Kwetu mnajua, mkubwa ndiye hulishwa kwanza. Neema akakata bampa la mbele, akamnyanyulia bibi yake, na bibi akafumbua kinywa. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu: msile, nimekosea. Maneno yakagoma! Mkono ukaenda wenyewe, nikakipokonya kile kipande nikakimeza mimi.

Sebule nzima ikanigeukia. Mkwe amekula kabla ya mama mkwe, tena cha mdomoni mwake! Shangazi mmoja akasema, "Yesu wangu!" Neema akaangua kilio. Nami nikabeua, na ile harufu ikawafikia wote.

Ikabidi niseme. Mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu, alicheka mpaka akashika kiti. "Baba Neema, si ungesema tu! Tungekula ndizi." Watu wakacheka. Mimi sikuweza, maana Neema alikuwa ameacha kulia, ananitazama.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukamwambia mama ni vanila?"

Aibu iliyonishika! Tumbo lilinipeleka zahanati jioni ile, lakini lilipona kesho yake. Swali la Neema bado linaniuma.

Pale gereji sasa jina langu ni Vanila. Hata wateja wananiita hivyo.

Kinababa wenzangu, nawaomba. Ukiharibu kitu cha mtoto, sema mapema, wakati bado ni keki tu iliyoharibika. Usingoje mpaka watu wafumbe macho kusali! Siku ya kuzaliwa ya Neema imekaribia tena, naye kanipangia kazi moja tu, kujaza maputo. Kasema atayanusa moja moja.