Kitabu Tulichokifungia Karanga

Harufu ya karanga zilizokaangwa kwa chumvi, ikichanganyika na harufu ya karatasi kuukuu, hunirudisha Makambako kila mara. Siku hizi naishi Njombe, mtaa wa Mjimwema, na pale ninapopandia bodaboda kuna mama anayefunga karanga zake kwenye karatasi, kama zamani. Nikinunua, nazimimina mfukoni, kisha naikunjua ile karatasi na kuisoma pande zote mbili kabla sijala hata punje moja. Mwanangu huona aibu. Wiki iliyopita nilipata nusu ya somo la mzunguko wa damu, nikatembea mpaka nyumbani nikijiuliza ile damu iliishia wapi.

Tabia hii ina chanzo chake, na si chanzo cha kujivunia sana. Nitawaambia yote, ilimradi msinicheke kabla sijamaliza.

Mama yangu aliuza karanga stendi ya Makambako. Kwa asiyepafahamu, pale ndipo barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kwa hiyo mabasi hayaishi, na upepo wenyewe nao hauishi. Mama alikaanga karanga alfajiri na kuzibeba kwenye sinia. Mimi, nikirudi shule mchana, kazi yangu ilikuwa karatasi. Alinunua mzigo wa makaratasi kwenye duka moja nyuma ya soko: madaftari yaliyoandikwa yakajaa, magazeti, fomu za ofisini, na mara mojamoja vitabu. Nilichana kurasa, nikazisokota ziwe kama pembe ndogo, nikakunja ncha ya chini ili karanga zisivuje. Nilikuwa darasa la tano na vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya mama, jambo ambalo alilisema mbele za watu mpaka nikavimba kichwa.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Mgaya, mama mmoja mrefu aliyevaa koti la sufu mwaka mzima. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa hakutufundisha kitu. Alikaa kwenye dawati la nyuma, nasi tukasimama mmoja mmoja kueleza kitabu tunachosoma wakati huo na tulipofikia. Yeye mwenyewe alianza, kisha akatugeukia. "Na wewe umefikia wapi?" Hakuwahi kumwambia mtu alete kitabu akione. Alituamini, na kuaminiwa kule kulitutesa kuliko fimbo.

Vitabu vilikuwa vichache. Daudi, aliyekaa mbele yangu, alisoma muhula mzima kijitabu cha mbolea alichopewa baba yake, na mpaka leo najua viazi huwekewa mbolea ipi vikianza kuota. Msichana mwingine alisoma kadi ya kliniki ya mdogo wake na kutangaza kwamba amefikia kwenye surua. Mwalimu alimsikiliza kwa makini vilevile. Sisi wa Kilutheri tulikuwa na kitabu cha nyimbo nyumbani, ila kila mtu alikuwa nacho, kwa hiyo hakikumpa mtu sifa. Wasiokuwa na chochote walisema "bado" na kukaa. Mmoja wao alikuwa Upendo, jirani yangu wa dawati, msichana mpole aliyefiwa na baba yake mwaka uliotangulia. Alisema "bado" kila Ijumaa.

Mimi nilikataa kusema "bado". Nilianza kwa kusimulia vipande vya karatasi za karanga, leo barua ya mtu, kesho hesabu za darasa la saba. Kisha siku moja kwenye mzigo wa mama nikakuta kitabu kizima. Hakikuwa na jalada, lakini uzi wake ulikuwa bado imara na ukurasa wa kwanza ulikuwepo. Kilikuwa hadithi ya fundi aliyeibiwa cherehani, akafunga safari kijiji kwa kijiji kumtafuta mwizi, na kila alipofika akashona nguo ya mtu kwa mkono ili apate chakula. Nilikipenda sana kitabu kile. Sikuwahi kupenda kitu namna ile.

Lakini kitabu ni karatasi, na mabasi hayasubiri. Nisingeweza kumwambia mama anisubiri nimalize. Nikajiwekea utaratibu wangu: kila mchana nasoma kurasa kadhaa, kisha nazichana zilezile na kuzisokota. Nilisoma huku nakimaliza kwa mikono yangu, na sikuona ubaya wowote, maana nilikuwa nimeshasoma.

Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya kalamu ya kijani, herufi ndogo zilizolala upande mmoja. Mtu aliandika kila aliposimama kusoma. "Lupembe. Ukungu. Nimeishia hapa." Au: "Tairi la nyuma tena. Nimeishia hapa." Habari za fundi zilipopamba moto niliyaruka maandishi hayo, lakini mengine niligundua yanachekesha. Nikaanza kuyasimulia Ijumaa pamoja na hadithi. Ningesema, "Fundi amefika mtoni, mwizi yuko ng'ambo, halafu pembeni bwana mmoja anatuambia tairi la nyuma tena." Darasa lilicheka mpaka Daudi akapaliwa. Ijumaa tatu mfululizo nilikuwa mtu maarufu.

Ijumaa ya tatu niliyataja kwa kichwa, kwa sauti ya kuigiza, nikiiweka nzito kama ya dereva: "Mlangali. Utelezi. Siku ya tatu na mbao za watu. Nimeishia hapa." Wakacheka. Upendo hakucheka. Kengele ilipogongwa alinishika mkono wa sweta.

"Eda, hayo maandishi ni ya kalamu gani?"

"Ya kijani."

"Yamelala?"

Nikasema yamelala. Akaniambia kwamba baba yake, aliyeendesha lori la mbao, aliwahi kukwama Mlangali siku tatu, na wao nyumbani wakakaa wakimsubiri. Baada ya matanga baba zake wadogo walikuja kusafisha nyumba. Walisema makaratasi yanaleta panya, wakayabeba yote. Nguo za baba zilibaki, lakini hakuna hata kipande alichokiandika kilichobaki.

"Utaniletea Jumatatu?" aliuliza.

"Nitakuletea," nikasema. Sikumwambia kwamba zaidi ya nusu ya kitabu kile ilikuwa imeshapanda mabasi.

Nilikimbia mpaka stendi bila kupita nyumbani. Kurasa nilizochana jana yake zilikuwa kwenye sinia la mama, zimejaa karanga, na basi la Songea ndio kwanza lilikuwa limesimama. Mama alikuwa upande wa pili wa basi, sinia kichwani, akiuza madirishani. Nikaenda upande huu nikaanza kuomba. Ndiyo, niliomba. "Shikamoo, naomba karatasi yako ukimaliza." Kijana mmoja alinitazama kama nimerukwa na akili. Bibi mmoja alinipa karatasi pamoja na karanga zilizobaki, akaniongezea ndizi, akasema, "Pole mjukuu wangu, kula." Wakati huohuo mama akazunguka mbele ya basi akamwona binti yake, aliyevaa sare ya shule, akipokea ndizi ya msaada dirishani.

Sitasahau uso wake. Alinivuta hadi nyuma ya kibanda cha tiketi. "Unaniaibisha kwa nini? Nyumbani hukula?" Ikabidi niseme yote palepale, huku nalia na ndizi mkononi: kitabu, kalamu ya kijani, Ijumaa, Upendo.

Mama hakunipiga. Alitua sinia chini. Alikunjua pembe zote zilizobaki moja baada ya nyingine, karanga akazimimina kwenye kanga yake, kurasa za kitabu akazitenga, na basi la Songea likaondoka bila yeye kuuza hata pembe moja zaidi. Kisha akasema tu, "Twende nyumbani ukanioneshe kilichobaki."

Jumamosi alizinyoosha kurasa zile kwa pasi ya mkaa, kitambaa kikiwa juu yake. Mafuta ya karanga hayakutoka. Nilidhani nitazipeleka shuleni Jumatatu, lakini mama alikataa. Alisema jambo la marehemu halipelekwi na mtoto kwenye mkoba wa shule. Jumapili tulipotoka kanisani tukaenda wote wawili, yeye akiwa amevaa kitenge chake kizuri.

"Kamwene, mama Upendo," mama alipiga hodi kwa salamu ya kikwetu.

"Kamwene, mnyalukolo," akaitika, akimwita ndugu. "Karibuni ndani."

Tulikaribishwa viazi vya kuchemsha na chai. Mama alieleza habari yote mwenyewe, wala hakunitupia lawama mimi peke yangu, alisema, "Tumefanya kosa." Mama Upendo alizipokea kurasa kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, aliyesoma mpaka darasa la saba, na maandishi ya mumewe aliyajua kabla hajayasogeza karibu. Upendo alipekua akitafuta rangi ya kijani tu. Mimi nilitamani kumweleza fundi anakuja kufanya nini, nikaumia kuona hana haja naye kabisa.

Walipomaliza, Upendo akaniuliza, "Na zile ulizochana, aliandika nini?"

Mama yake akachukua daftari na kalamu. Nikataja niliyokuwa nayo kichwani: Lupembe na ukungu, tairi la nyuma, Mlangali, na mengine matatu. Mama Upendo akaandika. Kisha nikakwama. Fundi wa cherehani nilimjua neno kwa neno, ningeweza kumsimulia mpaka jioni, lakini maneno ya baba yake Upendo nilikuwa nimeyaruka nikimkimbilia mwizi.

"Ni hayo tu?" aliuliza Upendo.

Si hayo tu. Nilijua niliona kijani kingi zaidi. Na nilijua jambo jingine: katika yote niliyosoma, Upendo hakutajwa hata mara moja. Kulikuwa na tairi, matope, ukungu, mbao. Nikaona haiwezekani.

"Kuna jingine," nikasema. "Igwachanya. Baridi. Nimemkumbuka Upendo. Nimeishia hapa."

Kalamu ya mama Upendo ilisimama. "Igwachanya?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kidogo, kisha akaandika. Upendo alikuwa amejishika mashavu. Kumwona vile kulinipa nguvu, nikatoa jingine, na jingine. Njombe, ameona gauni linalomfaa Upendo. Ilembula, anajua Upendo atakuwa na akili sana darasani. Hapo nadhani nilipitiliza. Yalikuwa manne kwa jumla, na mama Upendo aliyaandika yote bila kuniuliza tena. Nilirudi nyumbani nimejaa hofu na fahari kwa pamoja, nikiamini nimewadanganya watu wote waliokuwa ndani ya nyumba ile.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Mgaya aliponifikia nilisema nimemaliza. Alipomfikia Upendo, hatukutarajia kitu. Akasimama. "Ninasoma daftari la baba," alisema. "Nimefikia Ilembula." Hakuna aliyecheka, na Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole kama anavyofanya mtu aliyesikia jina la kitabu anachokijua.

Tulikua. Upendo sasa ni muuguzi hapa Njombe, na urafiki wetu haujawahi kukatika. Mama yake alifariki mwaka juzi. Miezi michache baada ya mazishi Upendo alinijia na lile daftari, ameliokota kwenye sanduku la mama. Alitaka kuniuliza kitu. Pembeni mwa baadhi ya mistari kulikuwa na nukta ndogo ya penseli, ndogo mno, na hakuelewa ni ya nini.

Nilitazama. Zilikuwa nukta nne. Igwachanya, Njombe, Ilembula, na ile nyingine ambayo nilikuwa nimeisahau mwenyewe. Aliyeziweka hakukosea hata moja.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama Upendo, baada ya miaka yote hiyo. Alimjua mumewe. Alijua lori lake lilipita wapi na halikupita wapi, na alijua mtu yule haandiki habari za kumkumbuka mtu. Angeweza kunikatisha mbele ya binti yake. Akaniacha nimfariji mtoto wake kwa sababu siku ile alihitaji kufarijiwa, lakini hakukubali maneno yangu yachanganyike na ya mumewe milele. Akaweka alama, akanyamaza, akaacha swali lije siku binti atakapokuwa mtu mzima wa kulibeba.

Ningeweza kudanganya kwa mara ya tano. Sikudanganya. Nilimwambia Upendo yote, na kutamka kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, maana kumbe alikuwa amekariri yale manne kuliko yote. Alisema tangu utotoni aliyasema moyoni kila alipoingia kwenye mtihani. Nilimwomba radhi.  Aliliweka daftari magotini.

Kisha akafungua mwanzo, akaanza kusoma kwa sauti, akiruka kila penye nukta.

"Lupembe," alisoma. "Ukungu. Nimeishia hapa."

Akasimama, akapitisha kidole juu ya mstari ule, akausoma tena.