Merikani Iliyopakwa Mafuta ya Kondoo

Enzi za Mjerumani nilikuwa binti wa kijiji cha Akheri, mlimani juu ya Arusha, nimeshachumbiwa, na nilikuwa nimeapa moyoni: siolewi na ngozi! Wenzangu wote waliolewa wamevaa ngozi ya mbuzi. Mimi nilitaka merikani, ile nguo ya pamba ya dukani. Jamani, mmewahi kuona kitu cheupe pe mpaka macho yanauma?

Baba akakubali. Tukashuka hadi dukani karibu na boma la Arusha, mbuzi wa kubadilishana na nguo mbele, sisi nyuma. Mwenye duka, mtu wa pwani, akakunjua jora. Nikamuuliza ni nani aliyeifuma, maana nilijua mama angetaka kujua. Akacheka.

"Mashine, binti, huko Marekani. Wanaozihudumia ni wasichana kama wewe. Wanaacha makwao mashambani, wanalala wengi kwenye jumba moja, wanaamshwa na kengele, si jogoo. Mshahara ni mali yao wenyewe. Hata mume wanajichagulia."

Weee! Baba akakohoa. Mimi njia nzima sikuhisi kupanda mlima. Wasichana! Kengele! Mume wa kujichagulia! Wangu nilikuwa nampenda, msije mkanielewa vibaya, lakini habari ile ilinichemsha damu.

Mama hakufurahi hata kidogo. Kwetu ngozi ya bibi harusi hulainishwa na mama mzazi, kwa mikono yake, akinena baraka kila anaposugua mafuta. Bila hayo, mama aliamini, tumbo langu lisingeshika mtoto.

"Hiyo yako nani kaibariki?" akauliza. "Chuma?"

Nikammwagia habari zote za wale wasichana, nikidhani nimemkomesha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama zao wako wapi?"

"Wamebaki mashambani."

Akaichukua ile nguo, akaingia nayo ndani. Nikajua nimeshinda. Nilicheza peke yangu migombani mpaka shangazi akanifukuza.

Asubuhi ya harusi nikamkuta mama kando ya moto, merikani yangu magotini, anaisugua mafuta ya kondoo na udongo mwekundu! Anailainisha kama ngozi! Nikapiga ukelele.

"Mama, umeniua! Hiyo ni laini tayari!"

Weupe wote, kwisha habari yake. Nililia kwa hasira, nikavuta upindo, naye akavuta upande wake wala hakuacha kusugua. Alikuwa akiitemea mate ya baraka, ananena polepole, na hapo ndipo nikasikia anachosema.

"Aliyeifuma apate mtoto. Aliyeifuma arudi kwao salama."

"Mama! Harusi ni yangu!"

"Wewe unaye mama," akasema, bila kuinua macho. "Yeye nani atampaka mafuta?"

Nikakaa chini, nikachota mafuta kwenye kibuyu, nikaanza kusugua upande wangu.