Wifi Yangu Kanitaja Kuwa Shahidi, Mama Kanikataza

Asalaam alaykum. Admin, nisitiri jina, ingawa wanaonijua watanijua tu. Nna miaka thelathini na sita, mwalimu, nimeolewa hapa Mjini Unguja. Mara kwa mara huitwa redioni kuzungumzia haki za wanawake walioachwa. Wanaume hupiga simu wakasema nnaleta mambo ya kizungu. Mimi huwajibu kwamba jasho la mwanamke ni mali yake, na dini yetu ilishalisema hilo zamani.

Mwezi uliopita kaka yangu alimwacha mkewe. Wamekaa Paje miaka kumi na nne kwenye nyumba iliyojengwa kwa pesa za mwani. Niliona kwa macho yangu. Maji ya bahari yakitoka, wifi anashuka pwani kufunga mwani. Akirudi mikono imemvimba, na chumvi imemkausha mpaka midomo. Matofali yalinunuliwa hivyo, kidogo kidogo, kaka hana kazi. Leo kaka kapata kazi hotelini, kaoa mwengine, na wifi karejeshwa kwao Chwaka na watoto watatu na mabegi mawili.

Wifi kafungua shauri kwa Kadhi kudai haki yake kwenye nyumba ile, na mimi kanitaja shahidi.

Kaka alipojua alinipigia. Hakugomba. Alisema akinisikia redioni alikuwa akijivuna, hakujua kumbe na yeye yumo. Mama ndiye aliyenimaliza. Nilimwamkia, akasema, "Hayo ya haki kayaseme huko redioni. Ukenda kusimama na yule, radhi zangu usizitegemee."

Mume wangu kaniambia siku hiyo nijitie mgonjwa, mambo yapite. Nimechoka na watu hawa wote, lakini aliyeniudhi zaidi ni mimi mwenyewe, maana nilikaa nikafikiri niumwe nini.

Juzi nikampigia wifi, nikazungukazunguka maneno, nikamuuliza kama hana shahidi mwengine.

"Sikulazimishi, wifi," alisema. "Lakini walioniona nikijenga ni mama yako, kaka yako na wewe. Hao wawili washasema hawakuona."

Shauri linasikilizwa Jumatatu. Nyinyi mnaojua uzito wa radhi za mama, na mnaojua dhambi ya kuficha ushahidi, niambieni bila ya kunionea haya: nende, au nikae?